Wimbo wa Baba Katika Albamu

Paris, 3 Oktoba

Dada yangu Kazue,

Hujambo? Huku mvua haiachi, na jirani wa chini amegonga dari tena kwa ufagio nilipokuwa nikifanya mazoezi ya piano. Siku hizi siwezi kutulia hata kumaliza kikombe cha chai.

Albamu imekamilika. Nusu ni muziki wa Wafaransa, nusu wa kwetu Japani, na mwisho nimeweka wimbo wa kutulaza aliotutungia baba.

Nyimbo nyingine nilizimaliza kwa siku mbili. Wa baba ulinishinda. Niliurudia mara kumi na moja, na kila mara vidole vilikimbia. Bastien, fundi wa kurekodi, akanitania, "Shiori, huko kwenu Onomichi watoto hulala wakikimbia?"

Nikacheka. Kisha nikajisikia nikisema, "Baba alifariki Februari. Nilikuwa na onyesho Lyon, sikwenda kumzika."

Sikuwa nimemwambia mtu. Bastien akavua miwani. "Basi piga taratibu," akasema. "Hakuna anayekufukuza."

Nikaupiga mara moja tu, huku nikilia. Kuna mahali nimekosea, nikakataa pasahihishwe.

Najua kwa nini hujibu barua zangu. Mama aliniandikia kwamba ulibeba majivu ya baba peke yako hadi makaburini.

Nitafika huko tarehe nane Novemba, kwa treni ya saa nne asubuhi. Nipeleke kwa baba, dada. Ukikataa kusema nami njia nzima, nitakufuata nyuma kimya kimya.

Mdogo wako,
Shiori