Kamanda Aliyeniamkia

Mjukuu wangu Salma, assalamu alaykum. U mzima huko? Sisi Mlingotini wazima, alhamdulillahi. Mama yako mdogo kajifungua wa kiume.

Umeniuliza kama nilimjua yule kamanda wa wapigania uhuru wa Msumbiji waliokuwa na kambi karibu na kwetu. Nilimjua nikiwa mtoto. Kila akipita kwetu huniambia, "Shikamoo!" Nami namjibu, "Marahaba, mwanangu," tunacheka.

Siku moja mama akamwambia, "Kamanda, mkubwa hamwamkii mtoto."

"Najua, mama. Nimeacha binti kwetu. Nataka tu sauti ya mtoto iniitikie."

Akaenda vitani, hakurudi. Mola amrehemu. Siku hizi namwelewa, mjukuu wangu. Niandikie upesi, na shikamoo uiweke mwanzoni kabisa, nikuitikie hata kama hunisikii.

Bibi yako