Mishale Mitano ya "Haya"

Jumatatu, 3 Machi
Miezi mitatu sasa natengeneza roboti la kuhudumia wazee, na halina hata nati moja! Lipo kwenye kompyuta tu — mchoro wa visanduku na mishale, kila jibu la mzee na mshale wake. Mkuu wetu kazini anasema bora tukosee kwenye mchoro, kukosea kwenye chuma ni ghali. Kabla ya Ijumaa niujaribu mchoro kwa mzee wa kweli. Ninaye nyumbani: shangazi aliyenilea. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na habari za upasuaji hataki hata kuzisikia.

Jumanne, 4 Machi
Leo nimekuwa roboti. Sinia mkononi, sauti ya puani. Nikuletee chai? Shangazi kanitazama — au kautazama mlango — akauliza, roboti gani hili lina kitambi? Kisha: "Haya." Kwenye mchoro "haya" ni mshale wa NDIYO. Nikaleta. Kumbe alimaanisha haya, niondolee upuuzi wako! Nimechora upya.

Jumatano, 5 Machi
"Haya" imefika mishale mitano. Nimekubali. Nimesikia. Tutaona. Niondokee. Na ile ya kuvutwa, haaaya, ambayo utotoni ilifuatwa na kandambili. Mkuu kacheka hadi machozi. Sasa roboti litajuaje ni ipi? Mimi mwenyewe sijui, nami nimekaa naye miaka thelathini!

Alhamisi, 6 Machi
Shangazi kajimwagia chai ya moto. Kikombe alikiona mahali ambapo hakikuwapo. Niliogopa, sifichi. Uroboti ukanitoka, nikamwambia nimempigia daktari simu, ametupa nafasi ya upasuaji kesho, jicho moja kwanza. Twende?
"Haya."
Ipi, Shangazi?
Si wewe ndiye fundi, akasema, tafuta mshale. Akaongeza sauti ya redio.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika kwenye benchi la kliniki ya macho. Mchoro nimeutuma haujakamilika. Mkuu atanuna — anune.
Shangazi kapanda gari mwenyewe, kajipamba, kawatania wagonjwa wote hapa. Lakini nesi kamwita mara mbili, na yeye kaendelea na utani, kama aliyeitwa ni jirani. Basi nimemuuliza swali ambalo halimo kwenye kisanduku chochote: Shangazi, unaogopa?
Hata mzaha hana. Amenishika mkono, huu huu wa kalamu — mwandiko wote umeharibika — na nesi anaita mara ya tatu