Nani Amemaliza Betri?

Shoga, sijui nicheke au nijifiche.

Si unajua tuko na mama mkwe kwenye lile gari la kukodi lenye vitanda na jiko. Tumeegesha tangu juzi. Asubuhi nafungua friji, imezima. Na ndani mna insulini yake.

Mama mkwe akaniangalia. "Ni ile pasi yako ya nywele, mwanangu. Imemaliza betri."

Mume wangu anatazama viatu vyake. Viatu, shoga.

Tukamwita fundi umeme. Akasema betri ziko mbili, moja ya kuwasha injini, nyingine ya taa na friji. Injini ikiwaka, alteneta yake inazalisha umeme na kuzichaji zote. Ikizimwa zinatengana, na ile ya friji inategemea sola ya juu ya paa.

"Na jua ndilo hili linawaka," akasema. "Mbona umeme hauingii?"

Akapanda kwenye paa. Kisha tukasikia, "Hili blanketi la nani?"

La mama mkwe. Alimpa mwanawe alianike, naye akalitandaza juu ya sola yote.

Mwanawe, huyo wa viatu.

Injini ikawashwa, friji ikaanza kunguruma. Insulini ilikuwa bado ya baridi, nikashusha pumzi.

Mama mkwe akalipapasa blanketi. "Lakini limekauka vizuri," akasema.

Nilijikaza nisicheke, shoga, mpaka yeye mwenyewe akaangua kicheko na kunishika bega. "Nisamehe, mwanangu. Huyu mumeo niachie mimi."

Sasa hivi mume yuko juu ya paa anafuta sola. Mama yake amesimama chini, anamwonyesha sehemu alizoruka bila kufuta.