Alama ya Kijani

Jumatatu, 8 Julai

Ukungu tena. Kiganjo kote hakuonekani kitu. Nimefanya kazi blanketi likiwa mabegani. Programu ya wafugaji imeanza kutumika. Nusu yake ni yangu, nusu ni ya Mutua, ambaye yuko Wang'uru na sijawahi kumwona uso. Programu ya simu ni yangu. Ndani yake kuna ukurasa wa wavuti, huo ni wake. Mfugaji akibonyeza "Ita daktari" kwenye ukurasa, ukurasa unaipa programu ujumbe, na programu inamwarifu daktari wa mifugo na kumwonyesha boma lilipo. Basi. Kazi ya miezi.

Sijaongea na mtu leo isipokuwa Mama Wairimu, mwenye nyumba, aliyeniita jikoni kunywa chai kama kila jioni. Nikamwekea programu kwenye simu yake. Ng'ombe wake anakaribia kuzaa. Alifurahi. Mimi nilifurahi kupita kiasi.

Jumatano, 10 Julai

Nyumbani Bungoma wametuma picha za harusi ya binamu. Nimezitazama zote. Hakuna aliyeuliza kwa nini sikwenda.

Mutua kaandika "sawa". Ndilo neno lake la leo.

Ijumaa, 12 Julai

Ndama amekufa.

Asubuhi ng'ombe alishikwa na uchungu, ndama akawa anakuja kinyume, miguu ya nyuma kwanza. Mama Wairimu akafungua programu, akabonyeza. Alama ya kijani ikatokea: "Daktari ameitwa." Akaketi zizini kumngoja. Mimi nilikuwa mjini Nyeri kununua chaja. Nimerudi, bado anangoja. Nikampigia daktari mwenyewe. Hakuwa na habari yoyote. Alikuja mbio, akamwokoa ng'ombe. Ndama alitoka amekwisha.

Mama Wairimu hakunigombeza. Alinionyesha simu tu, alama bado ipo.

"Si iliniambia daktari ameitwa?"

Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 13 Julai

Sijaitwa chai.

Mutua anasema ukurasa wake ulituma, na ana ushahidi. Mimi nina ushahidi kwamba programu haikupokea. Tumeandikiana siku nzima, kila mtu akilinda upande wake. Sote tunasema kweli, na ndama amezikwa nyuma ya zizi. Namchukia Mutua. Namchukia bila hata kujua sura yake.

Jumapili, 14 Julai

Mama Wairimu alipita mlangoni kwangu akienda kanisani, na kitabu cha nyimbo kwapani. Hakugeuka. Nilikuwa nimeshaandaa salamu.

Nimekula mkate mkavu. Uvivu tu.

Jumanne, 16 Julai

Nimepata.

Niliomba simu ya Mama Wairimu. Alinipitishia dirishani. Ni ya zamani, nzito, aliachiwa na bintiye. Kwenye simu hiyo ukurasa hutokea kwanza, na programu huchelewa kidogo kuanza kusikiliza. Ukibonyeza katikati ya hapo, ujumbe unapotea, kwa sababu hakuna wa kuupokea. Mimi na Mutua tulijaribu kwenye simu zetu mpya, tumekaa mezani, tunakunywa chai, hatuna haraka. Hatukuwahi kujaribu kama mtu ambaye ng'ombe wake analia. Na alama ya Mutua hutokea ukurasa unapotuma, si programu inapopokea. Makosa yetu sisi wawili, na kila moja lilihitaji lenzake.

Nilimpigia. Mara ya kwanza kusikia sauti yake. Ana kikohozi. Nikamweleza habari za ndama.

"Pole, bro," akasema. "Hata mimi huku sina mtu wa kuniambia vitu kama hizi."

Chuki ikaniisha. Inaudhi jinsi ilivyoisha kirahisi.

Alhamisi, 18 Julai

Sasa ukurasa unatuma, kisha unangoja jibu. Programu isipojibu, unatuma tena. Ikizidi kunyamaza, namba ya daktari inatokea kwa herufi kubwa: "Hajaitwa. Piga simu." Alama ya kijani haiji mpaka daktari awe amepata habari. Mutua alitaka maneno ya upole zaidi. Nilikataa.

Jumamosi, 20 Julai

Nilimpelekea Mama Wairimu simu zizini. Nikamweleza yote, kwamba ile alama ilimdanganya, na kwamba mimi ni mmoja wa walioifanya idanganye. Alikuwa anakamua. Alisikiliza bila kuacha.

Nikamwomba ajaribu. Nilikuwa nimeelekeza wito uje kwangu badala ya kwa daktari. Akafuta mikono kwa leso, akabonyeza. Simu yangu ikalia mfukoni. Akaitazama alama, akanitazama mimi.

"Na wewe Wekesa, ukigonjeka hapo ndani peke yako, unafinya kitufe gani?"

Nikajifanya naangalia ndoo.

Alirudi kukamua mpaka akamaliza. Halafu akasema nisiwe nikifunga komeo la ndani. Yeye huamka mapema, ataweza kusukuma mlango aone kama nimeamka.

Giza limeingia. Baridi inapita chini ya mlango. Komeo sijalifunga.