Mwaka Mmoja Bila Mama Pointi

"Sili ada yangu mimi! Mnasikia? Sili!"

Huyo ni kitinda mimba wako, Mama, anamfokea dada yake sebuleni. Leo umetimia mwaka tangu ututoke. Tulitaka tukukumbuke kwa utulivu, tumeshindwa. Tusamehe.

"Hebu punguza kelele! Kwani unga na mafuta ni sumu? Leo ndiyo mwisho, kesho pointi zinafutwa zote, hatupati hata kiberiti!" Na huyo ni binti yako, unamjua akianza.

Wanagombania kadi yako ya supamaketi.

Wasiokujua wajue: ulikuwa dobi wa hoteli. Ulifua mashuka ya wageni mpaka vidole vikakunjamana, halafu jioni, na uchovu wako wote, unapitia supamaketi. Huko kila ukinunua unapewa pointi, na pointi ukizitunza zinalipa ada ya chuo. Hata chumvi hukununua kwingine. Mwenye duka la jirani akanuna: "Mama, chumvi yangu imekukosea nini?" Ukamjibu, "Nzuri tu, baba, ila haisomeshi."

Na ile foleni! Wewe haya hukuwa nayo. Asiye na kadi ulimgusa bega: "Mwanangu, weka yangu basi, hupungukiwi kitu." Kuna kijana alikuja na kreti ya bia. Ukamwambia, "Kunywa tu baba, unamsomesha mwenzio." Foleni nzima hoi kwa kicheko. Ndipo wakakuita Mama Pointi, na wewe ukaitika.

Pointi zenyewe hukuzigusa. Sufuria ilipotoboka, Baba alisema chukua mpya kwa pointi. Ukamkatalia: "Hiyo siyo sufuria, hicho ni kiti cha mtoto darasani." Tukapika kwa sufuria ya kuazima, na tukazoea.

Mama, roho yako nzuri ndiyo iliyotuponza. Siku ya kujiandikisha keshia alikuuliza, ada hii ni ya mtoto yupi? Ukasema, "Andika watoto. Atakayefaulu ndiye." Mashine inataka jina moja. Wewe kuchagua hutaki, wote umewazaa wewe. Pakaachwa wazi, ukasema utarudi.

Matokeo ya mtihani yalitoka ukiwa umelazwa. Kitinda mimba wako alikuinamia sikioni: "Mama, nimefaulu." Ukatabasamu kwa shida. "Kesho nikipata nguvu nakwenda kukuandika."

Hukupata nguvu.

Supamaketi tumekwenda mpaka mlinzi anatusalimia kama ndugu. Meneja mpole, hana neno baya, lakini jibu ni lile lile: mtoto hakuandikwa, mwenyewe hayupo, ada haitoki. Zinatoka bidhaa tu, tena ndani ya mwaka mmoja. Chuo kimeshafunguliwa, wenzake wanasoma. Yeye analala mpaka mchana, akiamka anagombana hata na ukuta.

"Kwa hiyo mkila ndiyo mtakuwa mmenisomesha?" anauliza sasa, sauti inamkatika.

"Baba, si useme kitu!" dada naye kachoka.

Baba alikuwa anaangalia viatu vyake tu. Akasema taratibu, "Mwanangu, unga umekwisha tangu jana. Nimeona aibu kuwaambia."

Hapo hasira zikamwisha kitinda mimba wako. Bora zingebaki, Mama.

Hutatutoka moyoni, leo na siku zote. Tunaokukumbuka ni mumeo, ambaye bado analala upande wake tu wa kitanda. Binti yako, anayefungulia bomba jikoni tusisikie akilia. Mashoga zako wa pale kwenye mashuka. Na kitinda mimba wako, ambaye kwa ajili yake uliinyima nyumba nzima sufuria. Yeye kaichukua kadi yako mezani, kachukua na mfuko wa kubebea, hakumtazama mtu. Katoka, kafunga mlango.