Kagwiria wa Rimberia

Burat,
Isiolo.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Mwendwa,

Bwana asifiwe. Habari ya Doha na joto lake? Mgongo umepona, au bado unakusumbua ukipiga deki zile wodi? Natumaini unakula, maana kwenye picha uliyotuma mashavu yameisha. Sisi tuko, kwa neema tu. Mvua bado, na maharagwe yamenyauka upande ule wa juu. Mimi nimechoka, Mwendwa. Sisemi ili unihurumie, nasema tu ujue.

Ile spika ndogo uliyompa mwenzako Istar aniletee alipokuja likizo imefika. Asante sana. Umeniuliza napenda nyimbo gani siku hizi, na waimbaji gani, ili unijazie kadi. Ningekujibu kwa simu, lakini shemeji yako amelala hapa kando yangu na masikio yake kiharusi hakikuyagusa. Mengine ni afadhali niandike.

Unanijua, mimi ni wa kwaya tangu tukiwa wasichana. Napenda wimbo wa taratibu, wenye besi iliyotulia. Hawa vijana wa injili wa sasa wananichosha: kinanda kelele tupu, neno moja linarudiwa mpaka chai inapoa. Ekeno, yule kijana wa Kiturkana anayechezwa kila duka huko mjini, sauti anayo, ila haiachi ipumue. Jirani yangu Dahabo husikiliza mama mmoja anayeimba Kiborana. Maneno nashika nusu, lakini huyo nampenda. Anaimba bila haraka, kama mtu aliyemaliza kazi zake.

Sasa Rimberia. Unamkumbuka? Yule wa gitaa, aliyeimba kwa Kiswahili ili kila dereva wa miraa amwelewe. Jeremy alikuwa na kanda zake kwenye pikapu hata kabla hajanioa, na mimi mwimbaji huyo sijawahi kumpenda. Sauti ya puani, gitaa lile lile, na kila wimbo ni baa au mwanamke. Mbaya kuliko zote ni ule wa Kagwiria: "Kagwiria niletee maji, safari bado ni ndefu." Miaka yote hii nimemwonea wivu huyo Kagwiria, na hata hayuko duniani, ni jina la kwenye wimbo tu. Cheka tu.

Tangu Jeremy apooze mwaka jana alikuwa hajasema neno. Hata jina langu lilikataa kutoka. Anajaribu, mdomo unapinda, anakasirika, analia. Kisha asubuhi moja Dahabo akawasha redio kwake, Rimberia akaanza, na Jeremy akaimba. Aliimba, Mwendwa! Maneno yote, safi kabisa, kama hajawahi kuugua. Nilidondosha sufuria ya uji.

Dada wa hospitali anayemfundisha kusema alifurahi. Alisema wengine hupoteza maneno ya kusema yakabaki ya kuimba, na kwamba niimbe naye kila siku. Basi mimi, mama wa kwaya, naimba nyimbo za baa kutwa. Wazee wa kanisa walipokuja kumwombea, tulifika kwenye amina, na Jeremy akajibu kwa ule ubeti wa chupa ya pili. Walikunywa chai upesi wakaenda.

Hayo nayavumilia. Linalonimaliza ni kwamba ananiita Kagwiria. Akitaka kugeuzwa, akitaka dirisha lifungwe, ni "Kagwiria niletee maji." Nikimlisha, nikifua mashuka yake, najiuliza kama ananijua, au mimi ni mwanamke yeyote tu mwenye kikombe mkononi. Kwa hilo nimelia kuliko nilivyolia siku alipoanguka.

Alhamisi ilikuwa zamu yetu ya maji ya mfereji. Nilimwacha na Dahabo nikaenda shambani. Sijamaliza kumwagilia mstari wa kwanza nikamwona Dahabo anakuja mbio, leso inaburutika.

"Wewe Kathambi, njoo! Mzee anaimba Kagwiria, Kagwiria. Mimi nimepeleka maji, amesukuma kikombe. Nimegeuza yeye, hataki. Anaangalia mlango tu!"

Nilikimbia na matope yangu miguuni. Aliponiona aliacha kuimba katikati ya mstari. Nikampa maji, hakunywa. Nikashika dirisha, akatikisa kichwa. Alichotaka ni mkono wangu. Aliushika hivyo hivyo na tope lake, akafumba macho, akalala. Nilikaa pale, na maji ya mfereji yakapita yakaenda kwa majirani. Sikujali.

Kwa hiyo kwenye kadi nyingine utakayotuma jaza za Rimberia, zote utakazopata, hata zile mbaya. Na mimi niwekee tenzi chache za taratibu nisikilize nikifua. Bado nasema sauti yake ni ya puani.

Mama anakusalimu sana. Binti yangu Kendi anasema usisahau viatu. Dahabo naye anakuombea dua zake. Nisalimie Istar. Mungu akutunze huko ugenini, na akupe ule usingizi ninaoukosa mimi.

Naishia hapa, Mwendwa. Naitwa.

Dada yako akupendaye hata akichoka,

Kathambi
(hapa nyumbani, Kagwiria)