Kabati Lililokataa Mlango

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na watoto. Natumaini goti lako linaendelea vizuri na kwamba umeacha kupanda ngazi kwa ukaidi. Mimi ni mzima wa mwili, ila nafsi haitulii. Tangu asubuhi nimekaa, nimesimama, nimezunguka ua, nimerudi ndani nikapiga msasa ubao uliokwisha kupigwa msasa, mpaka wifi yako akaniambia kwamba nikikigusa tena kile kitu atakipasua yeye mwenyewe kwa shoka. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Kwenye simu ningekukatiza, nawe ungenikatiza, na tungemaliza kwa kununiana. Leo nataka niseme mpaka mwisho.

Nianze na habari unayoisubiri. Kabati la mashine ya marehemu Baba limekamilika.

Najua masikio yako yamechoka. Baba alipousia kwamba mashine yake ya santuri ije kwako, pamoja na amplifaya na yale maspika mawili, wewe ulisema niivingirishe kwenye blanketi, niipakie kwenye lori, yaishe. Nikakujibu kwamba kitu kilichotulea hakisafiri uchi kama gunia la mkaa. Kabati lake la zamani mchwa walikuwa wamelila hadi likabaki rangi tupu, kwa hiyo nikaahidi kuunda jipya kwa mikono yangu. Nilimsikia shemeji nyuma yako akiuliza tangu lini mwandishi wa magazeti akajua kushika randa. Mwambie nilimsikia. Mwambie pia kwamba sasa najua.

Kazi nimeifanyia katika chumba changu cha kuandikia, na zana nimeazima kwa jirani yetu seremala, yule tunayemwita Misumari kwa sababu hakuna tatizo la dunia hii asiloliponya kwa msumari. Unamkumbuka, alikuja msibani akaanza kukaza miguu ya viti watu wakiwa wamevikalia. Tumegombana naye tangu ubao wa kwanza. Mimi nilikuwa nimesoma vitabu vyote nilivyovipata kuhusu vinia, zile karatasi nyembamba za mti zinazobandikwa juu ya ubao wa kawaida ili uvae sura ya ubao wa thamani. Vitabu vinasema ubandike pande zote mbili, usoni na mgongoni, kwa sababu gundi ikikauka huvuta, na ubao uliovutwa upande mmoja hupinda. Misumari akasema huo ni ufujaji, kwani nani atauona mgongo wa rafu, panya? Kwa ajili ya amani tukabandika rafu moja kwa njia yake. Ilipokauka ilikuwa imejikunja kama kiganja cha mtu anayeomba maji. Akaigeuza huku na huku, kisha akasema tatizo ni kwamba ubao ule haukulelewa vizuri.

Dada, ungeiona vinia yenyewe. Ni ya mti wa msaji. Nimezipata karatasi zilizokatwa kutoka gogo moja, zimefuatana kama kurasa, na nimezifungua kama mtu anavyofungua kitabu, hivyo nyuzi za mlango wa kushoto zinatazamana na za mlango wa kulia kama mtu na kioo chake. Kuzikandamiza wakati gundi ikikauka sikuwa na jiriwa za kutosha, nikatumia kamusi na makala zangu zote za magazeti nilizozijalidi. Wifi yako akasema ni mara ya kwanza maandishi yangu kuwa na uzito. Nyuma nimetoboa matundu ya hewa, kwa kuwa zile valvu za amplifaya, vile vioo vinavyofanana na balbu, zikiwaka huchoma kama jiko, na amplifaya iliyonyimwa pumzi hufa. Ndani nimegawa vyumba vya santuri ili zisimame wima, maana santuri iliyolazwa hupinda na kuanza kuimba kilevi.

Mhariri wangu amelalamika kwamba makala zinachelewa na zikifika zinazungumzia gundi. Moja niliiandika kuhusu hizi spika za plastiki zenye ukubwa wa limau, ambazo kila kijana anazo na kila muziki ndani yake unasikika kama nyuki kwenye kopo. Niliwaita wanaoziuza wauaji wa masikio. Nimepokea matusi mengi nami nimeyajibu yote. Lakini hayo si ya leo.

Ya leo ni haya. Misumari alinishauri tangu mwanzo kwamba mbavu za kabati tuzifunge kwa bolti, ili likitaka kusafiri lifunguliwe, likifika lifungwe. Nikamtolea hotuba, nikamwambia kwamba chuma ndani ya samani ni tusi kwa mti, kwamba kiungo cha kweli ni ulimi wa ubao, tundu lake na gundi, na kwamba atakayetia bolti humu atakuwa ameipigilia maiti ya Baba misumari. Akazirudisha bolti zake mfukoni. Mtu akitajiwa maiti huacha ubishi, nami nililijua hilo nilipolisema.

Jumapili iliyopita dereva wa lori akaja. Tukalinyanyua kabati, tukafika mlangoni, likakataa. Tukaligeuza ubavu, likakataa. Tukalisimamisha wima, tukalilaza chali, dereva akashauri tulipitishe kwa salamu, huenda linataka heshima. Dirishani kuna nondo. Misumari akakaa chini akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema nimesoma vitabu vya kila kitu isipokuwa kitabu cha mlango. Binti yangu akasema shangazi atalazimika kuhamia humu chumbani. Dereva akaondoka na lori tupu. Nilicheka kuliko wote, na jioni ukapiga nikakuambia kuna hitilafu ndogo, nitairekebisha. Ukasema haya, utapiga tena Jumapili ijayo kujua.

Wifi yako hakucheka. Watu walipoondoka alikuja akasimama karibu na kabati, akapitisha mkono juu ya ule msaji, akaniuliza kwa upole: mtu aliyepima mpaka nafasi ya hewa nyuma ya valvu, alikosaje kupima mlango anaoupita kila siku? Nikamjibu kwamba hata wahandisi hukosea. Akasema sawa, akatoka. Nimewahi kutukanwa na watu wenye vyeo na nikalala usingizi. Hiyo "sawa" yake haijaniacha nikae kitako hadi leo.

Dada, niliupima mlango. Niliupima kabla ya kukata ubao wa kwanza, kisha nikalipatia kabati upana wa kuushinda. Na zile hoja zangu za bolti, siamini hata moja. Rafu ninazowekea vitabu vyangu zimefungwa kwa bolti na hazijawahi kunitukana.

Usidhani niliitaka mashine. Ni haki yako. Wewe ndiye uliyekaa naye kusikiliza wakati mimi nikiwa mikutanoni kugombana na ulimwengu. Ila fikiria mimi na wewe tumekuwaje kwa miaka hii. Nilikuwa namwambia Baba, Baba anakuambia. Unamwambia Baba, Baba ananiambia, naye alikuwa akitoa maneno makali njiani, kama mama anavyotoa miiba ya samaki kwenye sahani ya mtoto. Tulipomzika nilijua umebaki ukimya. Halafu ukapiga simu kuuliza kabati limefika wapi. Jumapili iliyofuata ukapiga tena. Ulikuwa ukianza na gundi, unamalizia na goti lako, na mwanao wa mwisho anayetaka kuacha masomo, na jinsi unavyomwota Mama. Nikaanza kuchelewesha. Nilipaka vanishi, nikaikwangua, nikapaka tena. Kazi yote ilipokwisha nikawa sina tena kitu cha kuchelewesha ila mlango.

Sasa hivi Misumari anang'oa fremu ya mlango wa chumba hiki. Nimemweleza ukweli wote. Akasema dada zake wanne hawapokei simu zake na hakuwahi kufikiria kuwajengea kabati. Vumbi la saruji linaanguka juu ya karatasi hii, utanisamehe. Dereva anarudi kesho, na kabati litatoka bila kukatwa hata unywele. Likifika, liweke mbali na ukuta, iache amplifaya ipate moto kwanza kabla hujapandisha sauti, na usikubali mtu aweke chombo cha maua juu yake, hata akiwa shemeji.

Msalimie sana shemeji, nimemsamehe la randa. Wabusu watoto. Wifi yako anakusalimu, na binti yangu anasema shangazi ameponea chupuchupu.

Nina ombi moja. Usinipigie kuniambia kwamba kabati limefika salama. Hilo dereva atanieleza. Nipigie kwa jambo jingine lolote.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi